Kabla Hatujang'oa Mibuni

Kila Desemba sisi Wachaga tunapanda mabasi kurudi nyumbani, na watu wa Dar es Salaam wameshatutania vya kutosha kuhusu hilo. Wasichokijua wengi ni kwamba safari ile ina kazi zaidi ya nyama na mbege. Ni wakati wa vikao. Mipaka ya kihamba, ada za watoto wa marehemu, nani atamtunza Bibi, yote huamuliwa kati ya Krismasi na mwaka mpya.

Desemba ya mwaka juzi ajenda yetu ilikuwa mibuni. Kwenye kihamba cha Babu, upande wa mashariki wa mlima, ilikuwa imebaki mia mbili na kitu, mingi mizee, mingine imeshikwa na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi. Baba mdogo alikuwa amepiga hesabu zake: tuing'oe yote, tupande parachichi. Majirani wawili walishafanya hivyo. Hakuna aliyempinga. Mimi ndiye niliyemsaidia kupiga zile hesabu.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati lililopoteza rangi, akaliweka mapajani mwangu.

"Ng'oeni," alisema. "Lakini kwanza msome hizi. Wewe mama wa mikopo, wewe ndiye usome."

Aliniita hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Kwa miaka sita nimekuwa afisa mikopo wa kampuni moja jijini. Kazi hiyo ilinifundisha kuamini jambo moja bila kulihoji: maskini anakosa mtaji. Mpe mtaji, atatoka.

Ndani ya sanduku kulikuwa na stakabadhi za kahawa za Babu, zimefungwa kwa uzi kwa kila msimu, kuanzia 1958. Kwenye zile za zamani uzito umeandikwa kwa ratili, kwenye za baadaye kwa kilo. Kila moja ina tarehe, jina la mkulima, daraja la kahawa, kiasi alicholipwa na sahihi ya karani. Nilizipanga mezani kama ninavyopanga karatasi za mteja, nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Kwa mzigo mmoja wa kahawa kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ya siku aliyopeleka mzigo, ya pili ya miezi mingi baadaye.

"Hayo ni malipo ya pili," Bibi alisema. "Unapopeleka unapewa za kuanzia. Kahawa ikishauzwa huko mbele, wanatoa gharama, kinachobaki kinarudi kwako. Hizo za pili ndizo zilizoezeka nyumba hii bati."

Nilikaa na maneno hayo. Katika biashara zote ninazozijua, mnunuzi akishakulipa hurudi tena kununua, lakini harudi kukuletea faida aliyoipata kwa mzigo wako wa mwaka jana. Ili arudi hivyo, ni lazima mnunuzi awe ni wewe mwenyewe. Nikataka kujua ilikuwaje hadi wakulima wa mlimani, wengi wao wasiojua kusoma, wakawa wanunuzi wa kahawa yao wenyewe. Likizo ilipokwisha nilirudi Dar na lile sanduku, nikaanza kusoma.

Kahawa ilifika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, na Kilema ni miongoni mwa mahali ilipopandwa mwanzo. Wachaga waliiona, wakaiomba, wakaipanda chini ya migomba yao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa Wajerumani, afisa mmoja wa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza waendelee. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa chini ya mlima hawakufurahi. Walidai mibuni ya Waafrika itazaa magonjwa na kuyasambaza, na kwamba kahawa ya wizi itapata pa kujificha. Nyuma ya hoja hizo ilikuwapo nyingine isiyohitaji kusemwa: mtu mwenye mibuni yake haendi kuwa kibarua kwenye mibuni ya mwingine. Kenya, ng'ambo tu ya mpaka, walowezi walifanikiwa, na Waafrika walizuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930 ilipoanza kuruhusiwa kidogo kidogo katika maeneo machache.

Mwaka 1925 wakulima wa mlimani waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association. Rais wake alikuwa Joseph Merinyo wa Old Moshi. Mambo waliyoyafanya yalikuwa ya kawaida kabisa: kununua dawa za mibuni kwa pamoja, kufundishana namna ya kupiga dawa, kukusanya kahawa na kuiuza pamoja ili mfanyabiashara asimpate mkulima mmoja mmoja njiani na gunia lake begani. Lakini ndani ya mambo hayo ya kawaida lilikuwamo jibu kwa walowezi. Mliosema tutaeneza magonjwa, haya, angalieni mabomba yetu ya dawa.

Wanachama walifika maelfu, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Chama cha kununua dawa kilikuwa kimekuwa pia chama cha kusema. Kilizungumzia ardhi, kilibishana na serikali kuhusu mauzo, na baadhi ya machifu walikiona kama mamlaka ya pili mlimani. Kisha bei za dunia zikaanguka mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1932 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka uliofuata chama cha Merinyo kikapisha chama kipya, Kilimanjaro Native Cooperative Union, KNCU. Meneja wake alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Muundo wa KNCU ndio huo niliouona kwenye stakabadhi. Kila eneo lilikuwa na chama cha msingi chenye ghala, mizani na karani. Mkulima alimenya kahawa yake nyumbani, akaiosha, akaianika, akaipeleka ghalani. Vyama vya msingi vilimiliki chama kikuu kilichokuwa Moshi mjini, nacho ndicho kilichouza. Baada ya mauzo, gharama zilitolewa, salio likateremka tena mlimani kwa njia ileile lilikopandia.

Ningependa kusema kwamba watu waliupenda tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Iliamriwa kwamba kahawa yote ya Waafrika ipite KNCU, upende usipende, na bei zilipokuwa mbaya watu walianza kuuliza chama hiki ni cha nani. Mwaka 1937 ghasia zilizuka na majengo ya baadhi ya vyama vya msingi yakashambuliwa. Niliposoma habari hizo nilishangaa kidogo. Nilidhani ninasoma historia ya watu waliookolewa na ushirika. Kumbe walikuwa watu waliougombania. Walipoona umekuwa mkono wa serikali waliupiga mawe, na mizani ilipokuwa sawa walirudi kupanga foleni.

Miaka ya 1950 bei za kahawa zilipanda sana duniani. Huo ndio wakati Babu alipoanza kujitegemea. Bibi anakumbuka msimu mzima wa kazi: kuchuma kuanzia Julai, kumenya usiku kwa mashine ya mkono, kuosha kwa maji ya mfongo, kuanika kwenye vichanja na kukimbia kufunika kila wingu linapotishia. Mrututu wa kupulizia mibuni ulipatikana kwa mkopo wa chama, ukakatwa kwenye malipo. Mkopo huo haukumhitaji Babu aweke rehani kitanda chake. Dhamana ilikuwa kahawa ambayo kila mtu aliiona ikikua.

"Na wewe, Bibi, kadi yako ya uanachama iko wapi?" nilimuuliza kwa simu.

Alicheka. "Kadi ya nini? Kahawa ilikuwa ya babu yako. Mimi nilikuwa na ndizi."

Nilirudi kwenye stakabadhi, moja baada ya moja. Bibi alichuma, alimenya, aliosha, alianika, alibeba mzigo kichwani hadi ghalani. Jina lake halimo hata mara moja. Kihamba kilirithiwa na wanaume, kwa hiyo mibuni ilikuwa ya wanaume, kwa hiyo wanachama walikuwa karibu wote wanaume. Malipo ya pili yaliezeka nyumba, ni kweli. Lakini chumvi, mafuta ya taa, daftari na sare vilitoka kwenye mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa ambavyo yeye alivipeleka sokoni, na huko hakukuwa na chama, karani wala mkopo wa mrututu.

Baada ya uhuru wa 1961 serikali iliona ushirika ndio njia ya kumwinua mkulima, ikausambaza haraka hata mahali ambapo hakuna aliyeuomba. Mwaka 1966 kamati maalumu iliyoundwa na Rais Nyerere kuuchunguza ilikuta uongozi mbovu, wanachama wasiojua haki zao, na siasa kuingilia kati. Ugonjwa ulikuwa kwamba wanachama walikuwa mbali na vitabu vya chama chao. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuongeza usimamizi kutoka juu, yaani kuwapeleka mbali zaidi. Mwaka 1975 vijiji vilipewa sheria yao, na Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, KNCU kikiwamo. Kijiji kingekuwa ndicho ushirika, na kahawa ingenunuliwa na mamlaka ya zao.

Mimi si wa kizazi kilichoishi siku zile, na sitaki kumhukumu mtu kwa starehe ya kujua kilichofuata. Waliofuta vyama waliamini wanaondoa madalali waliojificha nyuma ya jina la ushirika. Baadhi walikuwapo kweli. Lakini sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilipungua, malipo yakachelewa, na zaidi ya yote, hapakuwa tena na mkutano ambao mkulima angesimama na kuuliza. Kwenye sanduku la Babu vifurushi vya miaka ile ni vyembamba. Karatasi za pili zinakuwa chache, kisha kuna misimu isiyo nayo kabisa.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, na vyama vikuu vikaanza tena mwaka 1984. Havikurudi vilevile. Miaka minane ni mirefu, makarani wazuri walikuwa wameshaondoka, na mtu aliyenyang'anywa kitu mara moja hukishika kwa mashaka akirudishiwa. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya nchi zinazouza na kununua kahawa, yaliyolinda bei kwa kugawa viwango vya mauzo, yalivunjika, na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi.

Hapo ndipo kumbukumbu zangu mwenyewe zinapoanzia. Nakumbuka gari la mnunuzi mmoja likisimama njia panda, mizani ikining'inia kwenye mti. Alilipa taslimu, papo hapo, na baada ya miaka ya kungoja hilo lilikuwa jambo kubwa. Babu alimuuzia. Nakumbuka pia Babu akirudi amenyamaza, akapima gunia lililobaki kwa mizani yake ya nyumbani, akapima tena, akaketi. Tofauti aliiona. Wa kumuuliza hakuwapo, gari lilikuwa limeshashuka Himo.

Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilikuwa ya chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miongo kadhaa, kwa sababu mashamba mapya ya Vietnam na Brazil yalikuwa yameujaza ulimwengu kahawa. Baba alikata sehemu ya mibuni akapanda mahindi. Nilikuwa na miaka tisa, nikabeba kuni zake jikoni. Babu alifariki miaka miwili baadaye.

Kama hadithi ingeishia hapo, baba mdogo angekuwa na haki ya kuweka parachichi. Lakini nilipokuwa nasoma nilikumbuka kwamba ndani ya nyumba ileile kuna sanduku jingine. Lile ni la chuma, lina kufuli tatu, na kila wiki linakaa katikati ya duara la wanawake. Ni la VICOBA ya Bibi.

Vikundi hivi vya kuweka na kukopa vina asili ya mbali kidogo. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini kuboresha namna yao wenyewe ya kuchangishana. Utaratibu ukasambaa Afrika, na Tanzania ulipofika ukachukua sura zake. Kila mwanachama hununua hisa. Anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Riba hairuki kwenda jijini, inabaki sandukuni, na mwisho wa mzunguko boksi linavunjwa, kila mtu anapata hisa zake na faida. Funguo tatu hushikwa na watu watatu tofauti, na hesabu husomwa kwa sauti, mbele ya wote, hata kwa asiyejua kusoma.

Bibi alikopa humo kununua mikungu ya majirani na kuiuza kwa jumla kwenye malori ya Dar. Mwaka mmoja aliugua, akashindwa kurejesha. Kikundi kilijua anaumwa kwa sababu kilimpelekea uji. Wakamsogezea tarehe.

Hapa lazima niseme jambo langu. Mwaka huohuo kampuni ninayofanyia kazi ilinituma na vijana wawili kwa mteja, mwanamke mshonaji, aliyechelewa wiki tano. Mumewe alikuwa amelazwa. Tulichukua cherehani. Nilijua, nikiwa nimesimama pale mlangoni, kwamba tunachukua kitu pekee ambacho angekitumia kutulipa. Nilisaini fomu. Mitaani mikopo ya namna ile inaitwa kausha damu, na sisi ofisini tulikuwa tunakasirika kuitwa hivyo. Yule mama hakukosa mtaji, maana tulimpa. Alikosa mahali pa kusimama na kusema, ngojeni kidogo, na akasikilizwa na watu ambao kesho nao watahitaji kungojewa.

Nadhani hicho ndicho Bibi alichotaka nikisome kwenye sanduku la Babu. Nimepita kwenye karatasi za karibu miaka arobaini, na kila mahali maisha ya nyumba yetu yalipokuwa bora, bei ilikuwa sehemu tu ya sababu. Sababu nyingine ilikuwa kwamba Babu aliweza kuiona mizani, kuliona daftari, na kumsimamisha karani kwenye mkutano. Kila mahali mambo yalipoharibika, kitu hicho ndicho kilichoondoka kwanza, awe aliyekiondoa ni serikali yenye nia njema au mnunuzi mwenye gari.

Tangu msimu wa 2018 serikali imeelekeza tena kahawa ipitie vyama vya msingi, ambavyo siku hizi huitwa AMCOS, kisha iende mnadani. Wapo wanaofurahi na wapo wanaolalamika kwamba wamelazimishwa. Nikikumbuka 1937 nawaelewa wote wawili. Amri inaweza kuipeleka kahawa ghalani. Haiwezi kumfanya mwenye kahawa aamini mizani.

Mwaka jana tulikaa tena. Baba mdogo amepanda parachichi kwenye nusu ya chini, palipokuwa na mahindi, na sikumpinga, maana hesabu zake si za uongo. Mibuni iliyokuwa imekufa tumeing'oa, tumepanda miche ya aina mpya inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Iliyobaki tumeikata ichipue upya.

Kisha nikampeleka Bibi ofisi ya chama cha msingi. Karani, kijana mpole, alipekua kitabu, akasema, "Bibi, jina la mzee bado lipo. Tuendelee tu na la mzee, itakuwa rahisi."

"Mzee amelala," Bibi alisema. "Andika la kwangu."

Alilipa kiingilio na hisa kwa pesa alizozitoa VICOBA. Ana miaka zaidi ya themanini na tano na hiyo ndiyo kadi yake ya kwanza ya kahawa, baada ya miaka karibu sitini na tano ya kuichuma. Msimu ulipofika alipeleka gunia moja na nusu. Alitaka kuona mshale wa mizani ukirudi sifuri kabla gunia halijawekwa, na watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni nao wakataka hivyo.

Malipo ya kwanza yameshaingia. Ya pili bado. Mkutano mkuu umepangwa mwezi ujao, nimeomba likizo ya siku tatu ili niende naye, na stakabadhi yake iko kwenye sanduku la bati, juu ya zile za Babu.